Mjerumani wa Chini ya Kofia

Siku niliyofungua kibanda changu cha ushonaji pale Kibiti, hatua chache kutoka stendi, nilimtafuta mchoraji aniandikie ukutani kwa rangi nyekundu: TUNASHONA WANAWAKE NA WANAUME. Rangi haijakauka bado, mwalimu wetu wa historia akawa amesimama mbele ya ukuta ule, mikono nyuma, kama anayesahihisha mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Hebu nieleweshe. Mwanamume akija, mnaanza kumshona wapi?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko hadi mmoja akajifunika khanga usoni. Mwalimu akatoa chaki mfukoni. Alikwishastaafu wakati ule, lakini chaki hazikumtoka mfukoni. Akaandika NGUO ZA katikati ya maneno yangu, akajipangusa vidole, akaenda zake. Mvua ya kwanza ilifuta chaki ikaacha rangi, na kwa mwaka mzima watu waliingia wakiniuliza kama sindano yangu inauma.

Hakuna kibao kilichosalimika kwake. Bucha moja iliandika kwamba inauza nyama ya ng'ombe, mbuzi na huduma nyingine. Yeye aliingia akaagiza nusu kilo ya huduma nyingine, akasisitiza isiwe na mifupa. Mwenye bucha alimfukuza na panga la kukatia nyama, kwa kucheka, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kunywa kahawa pamoja kila alasiri.

Mie alinifundisha shule ya msingi, na Vita vya Maji Maji sikuvisoma kwenye kitabu. Nilivipigana. Alitutoa nje, akatugawa mafungu mawili. Wajerumani walipewa mabibo mabovu yaliyookotwa chini ya mikorosho. Sisi wengine tulikuwa Wamatumbi na Wandengereko, babu zetu wenyewe, na tukapewa mabua ya mtama. Mwalimu alipita na kopo akitunyunyizia maji vichwani, huku akitueleza jinsi watu walivyotembea siku nyingi kwenda Ngarambe kuchukua dawa ile, wakaambiwa risasi za mzungu zitageuka maji. Kisha akapiga filimbi. Bibo likanipasukia kwenye jicho. Siku hiyohiyo mkaguzi wa elimu alikuwa amekuja bila taarifa, na alipotokea kwenye kona ya jengo, jeshi la Wajerumani halikumtambua kama raia. Shati lake jeupe liliondoka Kibiti na madoa ambayo, kwa ufundi wangu wa sasa, najua hayatoki mpaka kiama.

Lakini mtoto akicheka ujinga wa waliokunywa maji, Mwalimu alibadilika sura. "Umemcheka babu yako," alisema. "Mtu anayechapwa fimbo akalime pamba ya mwingine, shamba lake linaota majani, atakunywa chochote. Wewe ungekunywa makopo mawili."

Jambo jingine la kujua ni kwamba alikuwa balozi wa hospitali asiyetumwa na mtu. Ukikohoa mara mbili mbele yake, alikuuliza umeshapima makohozi. Alimsindikiza mwenye bucha kupima sukari, akamkalisha foleni kama mtoto wa darasa la kwanza. Yeye mwenyewe aliogopa sindano kuliko chatu. Siku za chanjo alikumbuka ghafla kwamba ana itikafu msikitini, hata kama Ramadhani iko mbali. Mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, alikuwa akisema, "Mume wangu ni kama mnara wa simu. Anapeleka habari kwa wote, yeye mwenyewe haongei na mtu."

Nilikuja kujua kuhusu uvimbe wake kwa sababu ya kofia. Aliniletea kofia yake ya viua nimbadilishie bitana, akasema imechakaa. Nilipoigeuza ndani nikaona upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, pana doa la mviringo. Katikati palikuwa na damu kavu, na pembeni ute wa manjano ulioshika nyuzi. Haukuwa uchafu wa jasho. Nimefua kofia nyingi za wanaume, naujua.

"Mwalimu, hii nini?"

"Mjerumani," akanijibu bila kupepesa macho. "Alikuja bila kualikwa, akajenga, sasa anadai kodi."

Akainama, akanionyesha. Palikuwa na nundu nyekundu ya ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, yenye unyevu, kama tunda lililochunwa ganda. Akanisimulia historia yake kwa fahari ya mwalimu. Ilianza kama mbegu ya ubuyu, miaka kadhaa nyuma, haiumi wala haiwashi. Ikakua ikawa kunde. Akaifunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, akakaza kila siku baada ya alfajiri, mpaka ikakauka ikadondoka ndani ya sahani ya uji. "Nikatangaza uhuru," alisema. Baada ya miezi michache ikarudi palepale, imenenepa.

"Umeonyesha hospitali?"

"Wewe shona kofia."

Nilishona kofia, kisha nikaenda kwa Bibi. Naye alikuwa na lake. Foronya za mto alikuwa akizificha siku nyingi kwa kuona haya, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikibaki juu yake. Tukamkabili pamoja. Akatuahidi kwamba ataenda kituo cha afya wiki ijayo, inshallah, akirudi kutoka msibani Ikwiriri.

Ikwiriri hakukuwa na msiba. Dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu aliniambia, kwa nia njema tu, kwamba amempita Mwalimu darajani Ndundu, kwenye gari la mizigo, amekaa juu ya magunia, anaelekea kusini, na amempungia mkono kama rais. Siku mbili baadaye alirudi. Nilikwenda kumwamkia nikamkuta uani ameinamisha kichwa juu ya beseni, anajimiminia maji kutoka chupa ya plastiki, taratibu, akinung'unika maneno. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kiuno.

"Muulize mwalimu wako maji hayo yametoka wapi," Bibi akaniambia.

"Upande wa Ngarambe," akajibu mwenyewe, kichwa bado kiko juu ya beseni. "Kuna mzee ananisaidia utafiti wa historia."

"Utafiti gani wa kujimwagia?"

"Utafiti wa vitendo."

"Na asubuhi nilikukuta unayanywa!"

"Huo ni utafiti wa kina."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Lakini aliponyanyua uso, maji yanamtiririka shavuni yakiwa na wekundu, kicheko kilinikauka. Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyekamatwa na bibo mkononi.

"Mwalimu, miaka yote ile ulitufundisha nini?"

"Niliwafundisha msiwacheke," akasema, kwa sauti ndogo.

Kesho yake tulimpeleka, na tabibu wa kituo chetu cha afya aliutazama uvimbe ule kwa dakika moja tu. Hakuugusa kwa kisu. Alisema uvimbe uliodondoka ukarudi, unaovuja na kukua, si wa kuchezewa hapa, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Mwalimu aliipokea barua, akasahihisha makosa mawili ya tahajia kwa kalamu yake, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu, na hapo ikakaa. Kila siku palikuwa na sababu. Korosho hazijaokotwa. Paa linavuja. Mwenye bucha anaumwa mgongo, nani atamchekesha?

Aliyemaliza mjadala ni Bibi. Asubuhi moja alivaa baibui lake zuri, akachukua kapu na barua, akatoka. Mwalimu akamfuata hadi mlangoni.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Dar es Salaam. Kumwambia daktari asihangaike kukusubiri. Nitamwambia umeshakufa, tunakuzika Ijumaa."

"Usiseme uongo!"

"Basi njoo unisahihishe."

Akaenda moja kwa moja stendi bila kugeuka. Nilikuwa nafungua kibanda nilipomwona akipanda basi, na nyuma yake Mwalimu anakuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine ameishika mkononi. Bibi alinipungia kwenye dirisha: "Panda na wewe, mwanangu, akitoroka njiani mie sina mbio!" Nikafunga kibanda, nikapanda.

Daktari bingwa aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, Mngoni wa Songea, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Alikata kinyama kidogo kwenda kupimwa. Tuliporudi kuchukua majibu, alituketisha akatueleza bila kuzungukazunguka. Ilikuwa saratani. Lakini haikuwa ile ya ngozi inayojulikana zaidi. Hii ilianzia kwenye tezi za jasho, vile vijifuko vya ndani ya ngozi vinavyotoa jasho, na ni nadra sana. Yeye mwenyewe, katika kazi yake yote, alikuwa ameona wagonjwa wa kuhesabika kwa vidole.

Bibi alianza kulia. Mwalimu alikaa wima.

"Nadra?" akauliza.

"Nadra sana, mzee."

"Umesikia?" akanigeukia. "Nadra sana." Halafu akakunja uso. "Lakini jasho, daktari? Mimi? Wakulima wa Rufiji wanalima toka alfajiri na jasho linawatoka kama mvua, wote wazima. Mimi nimeshika chaki maisha yangu yote, jasho lenyewe nililiona kwa jirani."

Daktari akacheka, akasema ugonjwa huu haumwulizi mtu ametoka jasho kiasi gani. Kisha akawa makini. Kwa uvimbe kama huu, alisema, tiba ya kwanza ni kisu. Wangeuondoa pamoja na ukingo mpana wa ngozi inayoonekana nzima kuuzunguka, kisha maabara ingeangalia kingo zote kwa hadubini. Zikiwa safi, watafunika kidonda kwa ngozi ya sehemu nyingine. Wakikuta mabaki, watarudi kukata tena. Walikuwa wameshapima tezi za shingoni kwa ultrasaundi na hawakuona kitu, na hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu amechelewa.

Bibi hakuelewa kwa nini wakate ngozi nzima. Hilo niliweza kumweleza. "Bibi, kitambaa kikishika ukungu, ukitoboa doa peke yake, kesho linatokea pembeni. Unakata mpaka ufike kwenye nyuzi zisizo na kitu."

"Na nguo inabaki?" Bibi akauliza.

"Inabaki na kiraka."

Mwalimu alikuwa ameshahamia kwingine. Alikuwa amesikia lafudhi. "Daktari, wewe Mngoni, sivyo? Basi tuna kesi. Kwenye Maji Maji sisi wa huku tulianza, tukapigwa, ndipo ninyi mkaingia. Wangoni mlichelewa!"

Sijui kama Mndengereko na Mngoni ni watani. Nadhani alijitangazia utani papo hapo ili asitetemeke. Daktari alimtazama juu ya miwani.

"Kweli tulichelewa, mzee. Na wewe na hiki kichwa umechelewa. Tumeshakuwa ndugu."



Upasuaji wa kwanza ulifanywa kwa ganzi, yeye macho wazi. Mimi na Bibi tulikaa nje kwenye benchi, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba, tulimsikia. Alikuwa anafundisha. Alianza na pamba iliyong'olewa katika vilima vya Umatumbi, akaja kwenye maji, akaeleza mtama na mbegu zilizochanganywa humo, akauliza maswali, na nikasikia nesi mmoja akijibu na kuambiwa, "Vizuri, kaa." Kisha sauti ikakatika. Bibi akanibana mkono. Baada ya muda mrefu daktari akatoka, anavua glovu.

"Yuko salama," akasema. "Amesinzia wakati nafunga bandeji. Lakini ameniacha Kilwa, kunachomwa nyumba. Nani ananimalizia?"

Hadithi ya upasuaji huu wa kwanza ndiyo aliyoibeba Mwalimu hadi Kibiti, na kila alipoisimulia ilizaa. Mara ya tano nilipoisikia, madaktari walikuwa saba, wote wanaandika kwenye madaftari, na yeye alikuwa amewaamuru, "Kateni zaidi, msinionee aibu!" Wazee wa kahawa walimsifu kwa ushujaa, naye alipokea sifa kwa kuinamisha kichwa chenye bandeji, polepole, kama sultani.

Hakuwasimulia upasuaji wa pili.

Majibu ya maabara yalisema ukingo mmoja, ule wa kuelekea kisogoni, bado una mabaki. Ilibidi warudi kukata. Siku hiyo alikuja hospitali kidonda kikiwa wazi chini ya bandeji, amekonda. Nesi alipokuja kumchukua, hakutania. Alikaa palepale kwenye benchi.

"Binti yangu," akaniambia, "nimefundisha miaka yote kwamba wale watu walipoona risasi hazigeuki maji, waliendelea kwenda mbele kwa sababu ya ujasiri. Ndivyo nilivyosahihisha mitihani. Aliyeandika ujasiri alipata alama." Akajipangusa pua kwa ncha ya shati. "Sasa nafikiri waliogopa vibaya sana. Ila nyuma nako hapakuwa na pa kurudia."

Nilimshika mkono. Nilimwambia nesi anasubiri.

Safari hii kingo zote zilikuwa safi. Waliziba kidonda kwa utando mwembamba wa ngozi waliouchuna pajani, na bahati nzuri ukashika. Daktari akampangia arudi kila baada ya miezi michache aangaliwe kichwa na shingo, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi au kushuka kwenye tezi, na aliposema hivyo Bibi aliandika mwenyewe tarehe ya kurudi kwa kalamu kwenye mkono wake.

Kibiti alirudi akiwa mwenye mali mpya. Aliingia kibandani, akaniinamishia kichwa nikague mishono ya pembeni. Niliikagua kwa haki. Ilikuwa sawasawa, imepishana kwa kipimo kimoja, kazi ya mtu asiye na haraka.

"Hiyo ni kazi ya fundi, Mwalimu."

"Ndiyo. Hatimaye nimempata anayeshona wanaume kweli."

Kiraka kile kilikuwa cheupe kidogo kuliko kichwa, laini, hakioti nywele. Kwa wiki nzima alimsumbua imamu wetu kwa swali moja, tena kwa sauti, watu wakiwa kwenye bomba wanatia udhu. "Sheikh, nikipaka maji kichwani, sehemu hii inahesabika kichwa au paja? Isije udhu wangu ukawa na kasoro." Imamu, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, alivumilia mpaka siku ya saba. Akamjibu, "Mwalimu, paja likihamia kichwani limeshakuwa raia wa kichwani. Lipake maji, uache kulitangaza." Wakacheka mpaka adhana ikachelewa.

Kwa Bibi alikuwa na lingine. Akigombezwa kwa kusahau jambo, alisema si kosa lake, sasa hivi anafikiri kwa paja. Bibi alimjibu kwamba hajaona tofauti.

Mara ya mwisho ninayoikumbuka vizuri ilikuwa miaka michache baadaye. Nilikuwa nimekwenda kituo cha afya kupima presha. Mwalimu alikuwa ametoka kwenye ukaguzi wake wa Dar wiki ile, hawakumwona na kitu, na kwa kawaida angekuwa kwenye kahawa akilitangaza hilo. Lakini nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, amekaa na mzee mmoja wa Kimatumbi kutoka vilimani, mkulima, jembe lake jipya limefungwa gunia na kuegemezwa magotini. Mzee alikuwa ametandika mguu mbele. Kwenye unyayo, karibu na kisigino, alikuwa na uvimbe mwekundu wenye unyevu. Alikuwa amekuja Kibiti kununua jembe tu, Mwalimu akamwona anavyochechemea sokoni, akamwomba avue kiatu palepale mbele ya wauza nyanya.

"Huenda si kitu," Mwalimu alikuwa anamwambia. "Mimi si daktari. Lakini waukate kinyama waupime. Usiufunge uzi."

"Nimeshaufunga," mzee akasema.

Mwalimu akavua kofia, akainama. "Gusa."

Mzee alinyoosha kidole kigumu cha jembe, akagusa kile kiraka taratibu, kama mtu anayegusa yai.

"Wanasema mjini hapa wewe uliwafundisha madaktari huku wanakukata," mzee akasema. "Wanasema hukuogopa."

Nilingoja wale madaktari saba na madaftari yao. Mwalimu akanitupia jicho. Alijua nilikuwepo.

"Uongo," akasema. "Nilieneza mwenyewe. Mara ya pili niligoma kuinuka kwenye benchi. Ilibidi huyu fundi cherehani anishike mkono kama mtoto hadi mlangoni, na hapo nikamnong'oneza nesi kama kuna mlango mwingine wa kutokea."

Mzee wa Kimatumbi alimtazama, akanitazama na mimi. Halafu uso wake ukafunguka, akacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka.

"Basi hata mimi naweza," akasema.

Nesi akatokea mlangoni akaita. Mzee hakuinuka. Akaunyoosha mkono wake pembeni, bila kumtazama mtu, na Mwalimu akaushika. Wakainuka pamoja, mmoja anachechemea, mwingine kichwa wazi, wakaingia ndani wakiulizana nani alianza vita, Umatumbi au Rufiji. Jembe waliniachia mimi.